Kabla ya Kuchimba Makadara

Kisiwa cha Mombasa hakina mto. Maji yatokayo mferejini mtaani Makadara, siku yanapotoka, yametoka mbali: mengine chemchemi za Mzima kule Tsavo, kwa bomba lililofikishwa Pwani katika miaka ya 1950, mengine visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, mengine Marere katika vilima vya Shimba. Siku yasipotoka, Mwembe Kuku na Kibokoni hujaa mikokoteni yenye mitungi ya lita 20, na bei ya mtungi hupanda pamoja na jua. Basi kila mwenye nyumba aliyejaliwa kidogo hufikia wazo lilelile, kuchimba kisima chake. Kwamba chini ya kisiwa maji yapo, hilo halina mabishano. Wazee wetu walichota visimani karne nyingi kabla ya bomba kujulikana.

Wa kumtia hamu hawakosi. Zamani alikuwa mtu wa kijiti chenye panda, akipita uani huku akinong'ona. Siku hizi huja mtu wa mashine, na mashine hutoa mchoro wa rangi wenye buluu pale panapodaiwa kuwa na maji. Nyingi kati ya mashine hizo hupima tu jinsi umeme unavyopita ardhini, na kutokana na kipimo hicho mtaalamu hukisia maji. Lakini ipo njia moja inayosikia maji yenyewe. Ni rezonansi ya sumaku, ndugu wa ile MRI ya hospitalini. Hiyo ndiyo nitakayoizungumzia, na nitaanza kwa kuisifu, maana hatari yake imo ndani ya sifa zake.

Kila chembe ya maji ina haidrojeni, na kiini cha haidrojeni, yaani protoni, ni sumaku ndogo mno inayozunguka. Ikiwekwa ndani ya uga wa sumaku kisha ikasukumwa kidogo, hufanya kama pia ya mtoto inayochezwa barazani: haianguki mara moja, huyumba kwanza, na kila yumbo lina kasi yake. Kasi hiyo hutegemea nguvu ya uga peke yake. Ndani ya MRI ya tesla 1.5 protoni huyumba karibu mara milioni 64 kwa sekunde. Hapa Mombasa, katika uga wa dunia tuliopewa bure, ambao ni kama mikrotesla 33 tu, huyumba karibu mara 1,400 kwa sekunde. Fundi hutandaza waya ardhini kwa duara pana, pengine mita 100 kutoka upande hadi upande, akapitisha mkondo mkali wa umeme wenye kasi hiyohiyo, akaukata ghafla, kisha akasikiliza. Kinachorudi ni sauti hafifu sana, ya kupimwa kwa sehemu za bilioni za volti. Lakini hairudi isipokuwa pana haidrojeni iliyo huru kuyumba, na chini ya ardhi haidrojeni ya namna hiyo, ukiacha mafuta, ni maji.

Ukubwa wa sauti humweleza fundi wingi wa maji. Urefu wa muda inaochukua kufifia humweleza ukubwa wa vitundu vya jiwe. Protoni iliyo ndani ya kitundu chembamba hugonga kuta kila mara, na kila mgongano huipunguzia yumbo. Iliyo katika kitundu kipana huelea muda mrefu kabla ya kukutana na ukuta. Kwa hiyo maji yaliyonaswa katika udongo wa mfinyanzi hunyamaza upesi, na maji ya changarawe huendelea kuimba. Akiongeza nguvu ya mkondo, fundi husikia kutoka kina kirefu zaidi, takriban sawa na upana wa duara lake. Warusi wa Novosibirsk ndio walioijenga kwanza mashine ya namna hii kwa ajili ya maji, mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuingia ya 1980, Wafaransa wakaifanya ya biashara katika miaka ya 1990, na huku Afrika imetumika Burkina Faso na Benin kutafutia vijiji maji ndani ya miamba migumu. Mbinu hiyohiyo hufanywa maabara, kipande cha jiwe kikiwa kimelowekwa na kutiwa katikati ya sumaku, na hushushwa pia ndani ya visima vya mafuta.

Hata hapo pana desturi inayopaswa kumzindua mtu. Wapimaji wa mafuta huweka mpaka wa muda: sauti inayofifia kabla ya mpaka huo huhesabiwa ni ya maji yaliyonaswa, inayoupita ni ya maji yanayoweza kusogea. Kwa mawe ya mchanga mpaka uliozoeleka ni milisekunde 33. Kwa mawe ya chokaa ni 90 na kitu. Kipimo ni kilekile na maji ni yaleyale, ila mpaka unakaribia kuwa mara tatu kwa sababu jiwe limebadilika. Na jiwe la Makadara ni la chokaa, tena si chokaa ya kawaida.

Tuliache jiwe kwanza, twende Turkana.

Septemba 2013, katika mkutano wa kimataifa wa maji uliofanyika Nairobi chini ya UNESCO, Judi Wakhungu, aliyekuwa Waziri wa Mazingira, Maji na Maliasili, alitangaza kwamba chini ya ardhi kame ya Turkana kumegunduliwa hifadhi kubwa za maji. Kubwa kuliko zote ilikuwa Lotikipi, magharibi ya Ziwa Turkana. Nyingine ilikuwa ya bonde la Lodwar. Utafutaji ulikuwa umegharimiwa na serikali ya Japani na kufanywa na kampuni ya Radar Technologies International ya Alain Gachet, mwanajiolojia Mfaransa ambaye kabla ya hapo alikuwa amewasaidia wakimbizi wa Darfur kupata maji. Gachet hakutumia rezonansi. Alitumia picha za rada kutoka satelaiti, akazichanganya na ramani za miamba na mitetemo, kisha pakachimbwa kuthibitisha. Maji yakaonekana. Makadirio yakatajwa: mita za ujazo bilioni 250.

Tarakimu ina miguu. Kufikia jioni ilikuwa imeizunguka dunia, na magazeti yakapiga hesabu kwamba Kenya ingekunywa miaka 70. Watu waliotembea kutwa nzima na punda kutafuta dimbwi waliambiwa kuwa wamelala juu ya bahari. Walikuwa wameambiwa kweli kuliko msemaji alivyokusudia. Visima vya majaribio vilivyofuata Lotikipi vilitoa maji yenye chumvi kupita kiasi cha kunyweka. Ya Lodwar yalikuwa na nafuu, na mji wa Lodwar unaendelea kunywa kutoka chini ya ardhi yake, kandokando ya mto Turkwel. Lakini ile hifadhi kuu, iliyobeba sehemu kubwa ya zile bilioni, ilikuwa ya munyu.

Nani alidanganya? Mimi simwoni. Tangazo lenyewe la siku ile lilisema kwamba kiasi cha maji na ubora wake bado vinahitaji uchunguzi zaidi. Sentensi hiyo ilikuwapo, ila haikupata wa kuibeba. Rada iliulizwa kama pana mahali maji yanaweza kukaa, ikajibu vizuri. Mchimbaji aliulizwa kama yapo, akajibu vizuri. Swali la ladha lilibaki limeandikwa chini ya ukurasa, na waliolisoma walikuwa wachache kuliko walioimba ule wimbo wa miaka 70.

Sasa turudishe rezonansi mahali pa rada, tuone kama mambo yangekuwa mengine. Rezonansi ingekwenda hatua moja mbele: ingeyasikia maji yenyewe badala ya kukisia makao yake, hata kabla ya kuchimba. Lakini chumvi haimzuii protoni kuyumba. Maji ya Lotikipi, maji ya Mzima na maji ya bandari ya Kilindini, kwenye sikio la mashine hiyo, yote huimba kwa sauti moja. Chumvi nyingi hufanya jambo moja tu: hupitisha umeme ardhini kiasi kwamba mkondo wa fundi haushuki mbali, na asiyelijua hilo huchora kina cha uongo. Ladha yenyewe mashine haiijui.

Hapa ndipo Makadara inapoingia, maana munyu tunaishi juu yake. Mtu haendi mbali kuuona ushahidi. Ndani ya Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, kuna birika la kukusanyia maji ya mvua, na kipo kisima chenye kina cha futi 76 kilichochimbwa katika mwamba wenyewe. Kisima kilifika majini, kazi ya mikono isiyo na lawama. Maji yake yalikuwa ya munyu, yakabaki kuwa ya kuogea na kufulia. Mwendo mfupi kutoka hapo, karibu na ngazi za Leven, kipo kisima kilichojulikana kwa maji yake matamu. Mwamba ni mmoja, bahari ni moja, na kati ya viwili hivyo hapana safari ya kumchosha hata mzee wa bakora.

Sababu inajulikana. Mvua inyeshayo kisiwani hupenya mwambani ikashuka mpaka ikakutana na maji ya bahari yaliyojipenyeza kutoka pembeni. Maji matamu ni mepesi, kwa hiyo huelea juu ya yale mazito, yakafanya tabaka lenye tumbo nene katikati ya kisiwa na jembamba ufukoni. Mholanzi Ghijben mwaka 1889 na Mjerumani Herzberg mwaka 1901, kila mmoja kwa njia yake, waliipata hesabu yake: kwa kila mita moja ambayo maji matamu yamesimama juu ya usawa wa bahari, zipo kama mita 40 chini yake. Ni hesabu ya kufurahisha mpaka uisome kinyume. Kisimani mwako maji yamesimama nusu mita juu ya bahari; chini una mita 20 za maji matamu. Weka pampu, ishushe ile nusu mita kwa sentimita 10 tu, na kwa hesabu hiyo munyu utapanda mita nne kukufuata. Pampu kubwa ya jirani inatosha. Na ulimi hausamehe: Shirika la Afya Duniani linasema kloridi ikipita miligramu 250 kwa lita watu huanza kuisikia ladha yake, na maji ya bahari yana kama 19,000. Kikombe kimoja na nusu cha bahari katika vikombe 100 vya maji matamu, chai imeharibika.

Mtandazie sasa fundi wetu waya wake kwenye uwanja wa Makadara. Atasikia maji matamu ya juu na munyu wa chini kwa pamoja, na huenda sauti ya chini ikawa nene zaidi. Mazungumzo yatakayofuata nayasikia kabla hayajatokea:

"Mzee, hapa maji ni tele. Tukienda mita 40 hutakuja kununua mtungi tena."

"Matamu?"

"Ni maji, mzee wangu. Mashine imeyaona."

"Hata pale Feri kuna maji, mwanangu, wala sikuhitaji mashine kuyaona."

Mzee wa namna hiyo hahitaji kufundishwa. Fundi akiwa mkweli atatoa kifaa chake cha pili, kile cha kupima ukinzani wa ardhi kwa umeme, kwa kuwa munyu hupitisha umeme na maji matamu hayaupitishi kwa wepesi huo. Nacho peke yake kina ila: udongo wa mfinyanzi nao hupitisha umeme, na wengi wameupa udongo jina la munyu, au munyu jina la udongo. Vikisikilizwa pamoja, kila kimoja humsahihisha mwenziwe. Umeme ukipita vizuri na rezonansi ikanyamaza upesi, huo ni udongo. Umeme ukipita vizuri na rezonansi ikaimba kwa muda mrefu, funga mizigo, hiyo ni bahari. Anayekuja na kifaa kimoja akajibu maswali mawili, mlipe nauli aende.

Kelele nazo zisisahauliwe. Nimesema protoni za hapa huyumba karibu mara 1,400 kwa sekunde. Umeme wa Kenya Power huenda kwa mizunguko 50, na vitoto vyake huangukia kwenye kila zidisho la 50, ambapo zidisho la 28 ni 1,400 kamili. Kila waya unaoning'inia juu ya vichochoro vya Mji wa Kale, kila friji na kila mashine ya kuchomelea vyuma inapiga kelele kwenye masikio ya chombo kinachosikiliza sehemu za bilioni za volti. Uga wetu wa karibu na ikweta nao ni dhaifu kuliko wa Ulaya, na sauti hupungua upesi kuliko uga unavyopungua. Wapo mafundi wanaojua kuchuja kelele, kwa kutandaza waya wa pili wa kusikiliza uchafu peke yake na kuutoa kwenye hesabu. Hata hivyo, mtu akiniambia amepima katikati ya kisiwa saa sita za mchana na kupata mchoro safi, nitauliza ameupata wapi. Hata kule chanzo cha bomba letu kilipo mashine hii hupata taabu: Mzima hulishwa na mvua inayopenya mawe ya volkeno ya vilima vya Chyulu, na mawe ya namna hiyo mara nyingi yana madini ya chuma yenye sumaku yanayouvuruga uga na kuizima sauti kabla haijasikika. Mahali pangekuwa na mto wa chini ya ardhi, mashine ikasema pakavu.

Nililiacha jiwe. Nalirudia, kwa kuwa munyu ni aibu tu ya mfuko. Jiwe linaweza kuua.

Simama mbele ya ukuta wowote wa Mji wa Kale ambao lipu yake imebanduka. Jiwe la matumbawe hujieleza lenyewe. Utaona nyota ndogondogo zilizopangana kama zimechorwa, kila nyota ikiwa ni nyumba ya kiumbe kilichoishi baharini zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu ya kiwango chake cha leo. Kati ya nyota mna vitundu vya kuingia sindano. Pembeni yake mna pango la kuingia kidole gumba, lililochimbwa na kome au na maji ya mvua yaliyoila chokaa polepole. Chukua ubua wa ufagio ulichokoe pango hilo: jingine limeziba baada ya inchi moja, jingine ubua unapotelea ndani. Kwa macho, kabla ya kuchokoa, mapango hayo mawili hayana tofauti.

Rezonansi nayo haina ubua. Inayasikia maji ya mapango yote mawili yakiimba kwa muda mrefu, inaandika vitundu vipana, na hesabu za kawaida za kugeuza urefu wa sauti kuwa wepesi wa maji kupita zitasema maji yanapita vizuri. Katika pango lililoziba hayapiti popote. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi. Katika mwamba wa chokaa maji mengi hukaa kwenye vitundu vidogo, na yanayosafiri hupita katika mifereji michache iliyoyeyuka ndani kwa ndani. Mashine hujumlisha maji yote yaliyo chini ya duara lake, kwa hiyo yaliyokaa humeza sauti ya yanayosafiri. Utapewa wastani wa mwamba mtulivu, huku ndani yake kuna mfereji unaokimbia. Mchangani, tuseme kwenye mchanga wa kando ya Sabaki, wastani ni taarifa ya kutosha na mimi ningeipokea. Kwenye matumbawe wastani haukai nyumbani kwa mtu yeyote.

Waliolipia somo hili kwa bei kubwa ni watu wa Walkerton, mji mdogo wa Ontario, Kanada. Mei 2000, baada ya siku kadhaa za mvua kubwa, bakteria kutoka samadi ya ng'ombe waliingia katika kisima kifupi cha mji, kilichojulikana kama Kisima nambari 5. Klorini haikutosha, wahudumu wa maji walikuwa na mazoea ya kuandika vipimo ambavyo hawakuvifanya, na watu zaidi ya 2,300 wakaugua. 7 wakafa. Tume ya Jaji Dennis O'Connor iliwachambua wahudumu hao kwa haki, lakini kilichonishika mimi ni sehemu ya mwamba. Hesabu za wataalamu, zilizouchukulia mwamba wa chini ya Walkerton kana kwamba ni wa vitundu sawasawa, zilikadiria maji yakisogea mita chache kwa siku. Baadaye watafiti walitia rangi ndani ya visima na kungoja itokee kwingine, ikatokea kwa kasi ya mamia ya mita kwa siku. Ule ulikuwa mwamba wa chokaa wenye nyufa na mifereji. Walioufanyia hesabu walikuwa watu waliosoma, na programu zao hazikuwa na hitilafu. Zilipewa jiwe lisilokuwa lile.

Makadara haina samadi ya ng'ombe. Ina mashimo ya vyoo. Sehemu kubwa ya nyumba za kisiwani bado zinategemea shimo la choo au karo linalomwaga mwambani, na viwanja ni vidogo, kisima na choo vikitazamana uani hatua chache tu. Watafiti waliovipima visima vya Kisauni, ng'ambo ya Nyali, katika miaka ya 2000, walikuta vijidudu vya kinyesi ndani ya maji, na kipindupindu si mgeni Mombasa. Maafisa wa afya huitaja mita 30 kuwa umbali wa kuacha kati ya choo na kisima. Mchangani mita 30 ni ulinzi wa kweli, kwa sababu maji huchujwa yakisogea polepole na vijidudu hufa njiani. Kwenye matumbawe yenye mfereji, mita 30 zinaweza kuwa safari ya saa chache, na maji yakafika na abiria wake wote wakiwa hai. Mchoro wa buluu wa rezonansi utapendeza juu ya kisima cha namna hiyo sawasawa na utakavyopendeza juu ya kisima salama.

Kwa hiyo mwenye nyumba wa Makadara anayetaka kuchimba afanye nini? Kwanza ajue kwamba sheria haimruhusu kuchimba kwa mchoro peke yake. Anahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na kibali hakitoki bila ripoti ya mtaalamu wa maji ya ardhini. Aisome ripoti hiyo akitafuta mahali inapozungumzia chumvi na mahali inapozungumzia vyoo vya jirani, isipozungumzia, airudishe. Njia ya rangi iliyotumika Walkerton si siri ya Wazungu. Uranini, ile ya kijani inayong'aa, hutiwa kidogo chooni, na visima vya karibu vikachunguliwa siku hadi siku, hasa mvua za masika zikianza, maana kiangazi mfereji wa mwambani unaweza kuwa umelala. Rangi ikitokea kisimani, mabishano ya mita 30 yamekwisha. Isipotokea, bado maji yapelekwe maabara, kwa kuwa rangi nayo inaweza kupitia njia ambayo hukuisimamia.

Kisha ipo pampu ya majaribio, ambayo kwa kawaida huendeshwa saa 24 mfululizo, na hapo ndipo mafundi wengi hupenda kumaliza mapema. Kipimo kidogo cha mkononi kinachosoma jinsi maji yanavyopitisha umeme kinatosha kufuatilia chumvi: kitiwe kwenye ndoo kila saa, tarakimu iandikwe na mtu wa nyumba, asiwe mtu wa fundi. Maji yanaweza kuwa matamu saa ya kwanza, yakashika munyu usiku. Na visima vya mwamba huu hupanda na kushuka na bahari. Wakati wa bamvua, kupwa na kujaa kwa bahari ya Mombasa kunaweza kukaribia mita nne, wakati wa maji mafu kunapungua sana, na munyu husogea kwa kufuata mwendo huo. Pampu iliyojaribiwa katika maji mafu peke yake imejaribiwa nusu. Sehemu ya mwisho ya malipo ya fundi ibaki mfukoni mpaka bamvua ipite, na ile karatasi ya tarakimu iwe mkononi mwa mwenye nyumba.